Mbwa Bubu wa Bibi Eufrazia

Mikese,
11 Februari 2024

Kwa mke wangu wa kwanza, Bibi Eufrazia,

Shikamoo. Huku barabarani tupo, tunakula vumbi la malori na kushukuru. Baba na mama kule Kihonda ni wazima. Baba kabadilishiwa zamu kiwandani, sasa anaingia asubuhi, na mama anasema tangu hapo amekuwa mtu wa kusalimika. Mimi afya ninayo, ila mikono imeshakuwa rangi moja na matairi ninayoyaziba.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Jumatano nilikupigia mara nne. Kila mara ulisema, "Haloo! Nani? Haloo!" nami nikapaza sauti hadi wateja wakadhani nagombana na mtu, halafu ukanikatia. Basi nimenunua daftari. Sufiani wa Fuso la kabichi atakuwa tarishi wetu. Akishuka na mzigo wako wa Dar hupita kwangu kukagua upepo, akipanda tena hupita kunywa chai.

Sasa, hilo boksi alilokukabidhi. Limetobolewa matundu kwa sababu aliyemo ndani anapumua. Ni mbwa, dume, ana wiki nane. Mama yake anaishi nyuma ya banda langu na hakuna dereva asiyemwogopa. Tangu babu atutoke, nyumba ile kubwa unaishi peke yako, na mimi mumeo niko mbali. Nimeona upate mtu wa kumgombeza.

Masharti ni machache. Usimpe maziwa mengi ya mbuzi, ataharisha. Wiki ya kwanza alale ndani, juu ya nguo kuukuu, maana ndiyo kwanza ameachana na mama yake. Akilia asipigwe. Najua utasema kwako mbwa halali ndani. Hata babu ulikuwa ukimwambia halali ndani kila alipotoka kilabuni, na kila mara ulimfungulia.

Usiniulize kwa nini nimemleta sasa. Nimejisikia tu.

Mjukuu na mumeo,
Castory

*

Mgeta,
25 Februari 2024

Mume wangu Castory,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili; mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa miwani. Huku ukungu ni ule ule. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Njegere zimetoa maua, kabichi zinafunga vizuri. Katekista Severini wa ng'ambo ya bonde anakusalimia, au nadhani alikuwa anakusalimia, maana siku hizi mzee yule anaongea kama mtu aliye kitubioni.

Boksi lako Sufiani alilishusha kwa heshima zote. Nililipokea kwa mikono miwili nikijua mume wangu kanitumia sukari. Nikafungua. Sukari ikanilamba pua.

Castory, mwanamke wa miaka sabini na nne unamletea mtoto mchanga! Wanaume wengine huwaletea wake zao vitenge.

Nimemwita Mgeni, asije akajisahau. Siku ya kwanza nilimlaza jikoni karibu na mafiga, juu ya sweta la babu yako. Siku ya pili alihamia mlangoni pa chumba changu na sweta lake mdomoni. Siku ya tatu nilikuwa namtafutia jembe la saizi yake, nikamkuta uvunguni na kandambili zangu: moja kaifanya mto, nyingine kaifanya chakula cha mchana. Jumapili nimekwenda kanisani na kandambili yenye alama za meno, na watu wote wameiona.

Kwaresima haishiki. Ijumaa alikula dagaa wangu wote, kisha akanitazama kana kwamba mwizi ni mimi. Na ile habari ya haja, kila akishakula namtoa nje. Anakaa katikati ya kabichi, anatazama mlima, anatazama mawingu, ananitazama mimi. Tukirudi ndani ndipo anakumbuka alichotumwa.

Lakini ulimkagua kabla ya kumtuma? Maana huyu habweki. Anafungua mdomo, kichwa kinatikisika, mkia unatikisika, sauti haitoki. Kama yule mwanakwaya asiyejua wimbo. Umenipa mbwa bubu, bwana. Au ndiyo maana ulimtoa bure?

Simu imeharibika, inatoa pumzi tu. Endelea kuandika.

Mkeo asiyeshauriwa,
Eufrazia

*

Mikese,
17 Machi 2024

Mke wangu Eufrazia,

Shikamoo tena. Pole kwa kandambili. Nimekutumia nyingine kwa Sufiani, rangi ya bluu, na nyongeza ya moja ya kushoto kwa ajili ya Mgeni, ili kila mtu awe na yake. Mama anaomba mbegu za maharage yale ya madoa. Baba anakuulizia kila Jumapili, nami namwambia bibi yuko imara, analima, anatukana, kila kitu kinakwenda sawa.

Kuhusu ububu, mpe muda. Ni mtoto bado, pengine anaona aibu ya ugenini. Mama yake hapa akibweka, watu wa upande wa pili wa barabara kuu wanageuka. Damu haipotei.

Usiku akililia mama yake mwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye nguo. Nilisahau kukwambia. Au hakulia? Hukuandika chochote kuhusu kulia, nami nilitegemea malalamiko ya kurasa mbili.

Kuna mstari nimeufuta hapo chini. Usihangaike nao, ni kalamu iliteleza.

Castory wako

*

Mgeta,
5 Mei 2024

Mume wangu,

Marahaba. Utanisamehe kwa kuchelewa. Masika haya yalikuwa ya kutuosha sote tukateremkie baharini. Wiki tatu hakuna lori lililofika. Kabichi zimeozea njiani, na karoti za watu tumelisha mbuzi. Namshukuru Mungu paa limehimili. Mbegu za mama yako hizi hapa, nimezifunga kwenye kitambaa chekundu.

Mgeni amekua miguu kwanza, mwili utafuata. Nikienda shambani ananitangulia, anafika kwenye kila tuta, ananisubiri, kama bwana shamba anayekagua. Ana tabia moja nimeshindwa kumtoa: akiona mtu anakuja, huja kunivuta upindo wa kanga. Nilimchapa kwa mwiko, akavuta tena. Nimeacha. Angalau wageni hawanikuti nimejikunja.

Hapana, hakulia hata usiku mmoja. Nililala kama kawaida. Mbwa mwenye adabu ya ajabu, bubu lakini mstaarabu. Kwa kweli siku hizi mlima mzima umestaarabika. Severini ananong'ona. Padri mpya naye ananong'ona. Misa nzima namwona anafungua midomo, nikiona wenzangu wamepiga magoti nami napiga. Hata mbuzi wametulia. Nadhani ni baridi.

Sufiani alipokuja juzi aligoma kushuka garini. Mbwa wa watu kakaa tu miguuni pangu, kimya, anapiga miayo. Mwanaume mzima, dereva wa Fuso! Mwambie nimemcheka.

Na ule mstari uliofuta nimeuweka kwenye jua dirishani. Nimeona neno "Kihonda" na neno "chumba". Ile kalamu iliteleza mbali sana, mume wangu.

Eufrazia

*

Mikese,
19 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mbegu zimefika, mama amefurahi. Huku nako mvua ilikata barabara mara mbili, matairi yakatumaliza.

Leo niruhusu niweke utani pembeni kidogo. Sufiani amepita hapa. Nikamcheka kama ulivyoagiza. Hakucheka. Akaniambia, "Fundi, yule mbwa alibweka tangu nilipozima gari mpaka nilipoliwasha. Mate yanamtoka. Na bibi yako amekaa pale pale, anatabasamu, ananiita nishuke ninywe uji."

Nikamuuliza habari ya simu. Akasema alikuomba simu yako kwa ishara kupitia dirisha la gari, akapiga kwangu kutoka pale pale kwako. Ni kweli, alinipigia siku ile, na nilimsikia vizuri, hata mbwa nyuma yake niliyemdhani wa jirani, kuliko nikiwa naongea na jirani yangu hapa.

Bibi, Mgeni si bubu. Severini hanong'oni. Tangu lini husikii?

Nijibu, tafadhali.

Castory

*

Mgeta,
26 Mei 2024

Castory,

Salamu zimefika. Njegere ni nzuri mwaka huu.

Sufiani ni dereva wa kabichi. Sikujua kwamba siku hizi anapima na masikio.

Eufrazia S.

*

Mikese,
30 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Sufiani ameteremka mara nne bila barua. Mara ya nne nimemkagua mifuko mwenyewe, akaniuliza kama nimekuwa polisi.

Ulinisainia kwa herufi ya ukoo kama unaandikia ofisi. Ndiyo talaka yenyewe? Kama ndiyo, nirudishie kandambili.

Sijamwambia baba. Nimekaa na jambo hili kama mtu aliyekalia msumari, lakini sijamwambia. Nitumie hata karatasi tupu nijue unapumua.

Castory

*

Mgeta,
14 Julai 2024

Mume wangu Castory,

Marahaba. Napumua. Baridi ya mwaka huu inaingia hadi kwenye meno. Mbuzi wako salama. Kandambili sirudishi.

Nataka nikusimulie habari ya Jumanne, usinikatize, maana kwa barua ndiyo njia pekee mtu hawezi kunikatiza.

Asubuhi nilikaa mlangoni kupukuchua maharage. Mgeni hakuwepo. Nikasema huyo kaenda kwa Severini kuombaomba mifupa. Nikaendelea na maharage yangu, nikamaliza ungo wa kwanza, nikaanza wa pili. Jua lilikuwa limefika juu ya paa nilipomwona Severini anapanda kutoka bondeni, mzee wa watu, suruali imelowa hadi magotini. Akanipita bila salamu. Akazunguka nyuma ya jiko.

Nikamfuata kumuuliza kama amepatwa na wazimu. Nikamkuta amelala kifudifudi pale kwenye shimo la zamani la samadi, lile mvua zililolijaza maji. Mikono imezama ndani. Akamtoa Mgeni kwa ngozi ya shingo. Castory, nilidhani ni gunia. Matope mwili mzima, anatetemeka, kucha zinatoka damu kwa kuparua ukuta wa shimo.

Severini akaniletea mdomo hadi kwenye sikio. Hapo nilimsikia. "Mama Ezekiel! Amelia tangu asubuhi! Bonde zima linamsikia! Nikajua upo, utamtoa. Nikangoja, nikangoja. Na wewe umekaa hapo!"

Alipoondoka nikahesabu hatua kutoka mlangoni hadi shimoni. Kumi na saba.

Nilimwosha kwa maji ya moto, nikamfunga kwenye blanketi langu mwenyewe, nikampakata hadi alipoacha kutetemeka. Unajua alifanya nini? Alinilamba mkono. Ningekuwa mimi ndiye niliyeachwa shimoni, ningenuna hadi Krismasi.

Basi ni hivi. Sisikii. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linapata mtu akilia ndani yake. Lilianza mwaka ule babu yako alipougua. Nilidhani sauti yake imekuwa ndogo kwa sababu ya ugonjwa. Siku ya mwisho aliniita, nikainama, akasema jambo refu, huku amenishika mkono. Sikusikia hata neno moja. Niliona haya kumwambia arudie, anavyohangaika kupumua. Nikatikisa kichwa nikasema, "Ndiyo, baba Ezekiel." Akatabasamu. Mpaka leo sijui nilikubali nini.

Sikusema kwa mtu. Nilijua nikisema tu, baba yako ataniteremsha huko Kihonda anikalishe kwenye sofa. Sasa nimesema. Na wewe niandikie ule mstari wako mzima mzima, usiufute.

Mkeo kiziwi,
Eufrazia

*

Mikese,
28 Julai 2024

Mke wangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikiwa chini ya lori la mbao, nikakaa huko huko muda mrefu. Dereva alidhani nimekuta tatizo kubwa, akaanza kumpigia simu tajiri wake.

Mstari wenyewe huu. Mwezi wa kwanza baba alipaka rangi chumba cha uani, akanunua kitanda. Alisema ukishavuna maharage anakuja kukuchukua, nyumba ifungwe, mbuzi wauzwe. Alisema mama yake hawezi kuzeekea mlimani peke yake kama hana watoto. Nikabishana naye, tukafika pabaya. Mwisho nikamwomba: mpe bibi mbwa, tumwachie mwaka huu mmoja, tuone. Akasema sawa, mwaka mmoja. Ndiyo sababu ya boksi. Sikukwambia kwa kuwa nilijua ungemrudisha Mgeni kwa Sufiani huyo huyo, na ujumbe wa kutisha shingoni.

Na jambo jingine, hasira zako ziwe juu yangu: nimempelekea baba barua yako. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye habari ya babu akakaa. Akaikunja vizuri, akaniuliza, "Mimi nilikwenda Pasaka, tukakaa siku mbili. Tulikuwa tunaongea nini?"

Anakuja Jumamosi. Amesema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: hospitali kwanza, na ya kuhama utasema wewe. Severini atakaa na Mgeni. Tafadhali usijifiche kwenye njegere.

Castory

*

Mgeta,
22 Septemba 2024

Mume wangu Castory,

Marahaba, na salamu kutoka nyumbani kwangu. Tumepanda jana. Mbuzi wamenenepa mikononi mwa Severini, kabichi kidogo zimeliwa na wadudu, nyumba inanuka kufungwa. Nimefungua madirisha yote.

Ya Kihonda unayajua, ulikuja kunicheka mara tatu. Lakini hukuwepo siku daktari yule msichana alipoingiza chombo chake kwenye sikio la kulia. Katoa nta, Castory, bonge kama punje ya hindi! Baba yako akageuza uso. Mimi nikaomba kuliona tena. La kushoto kasema limekwisha, ni uzee, akanipa kale kadude ka kuvaa kwenye hili lenye uhai. Kitu cha kwanza nilichokisikia vizuri ni tumbo la baba yako linanguruma. Miaka mingi sikulisikia tangu alipokuwa ananyonya.

Chumba cha uani ni kizuri, rangi nzuri, mama yako amenitunza kama yai. Lakini wiki saba zinatosha. Pale kwa jirani kuna redio, mbele kuna mashine ya kusaga, na pikipiki zinapita katikati ya maneno ya watu. Nilimwambia baba yako nataka kurudi. Siku ya tatu akaniuliza nitapanda na gari lipi. Nimemwahidi nitashuka kila mwezi kupimwa, na Severini atapita kila asubuhi kunywa uji. Ndiyo mapatano yetu.

Tulipofika kwenye mteremko wa kwa Severini nikasikia kitu kama bati linaburutwa juu ya mawe. Nikauliza, nani anabomoa nyumba? Baba yako akasema, "Mama, huyo ni Mgeni wako." Jamani! Ana sauti mbaya mno. Alibweka hadi tukaingia ndani, akabwekea begi, akabwekea maji, akabwekea kuku waliomzoea. Miezi yote nilikuwa namsifia kwa watu wenye masikio yao kuwa ni mstaarabu, nao wananitazama tu. Na Padri hanong'oni hata kidogo. Anaimba, na wimbo haumtaki.

Sasa jambo lililonifanya nikae kuandika leo, kabla hata sijafagia.

Leo asubuhi baba yako aliamka mapema, akachukua sepetu, akafukia lile shimo nyuma ya jiko. Hakuniaga wala kuniuliza. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, nimempa mgongo, namwona kwa pembe ya jicho tu. Ni dhahiri alidhani sijavaa kadude kangu, kwa kuwa asubuhi huwa nakaacha kwenye kikombe. Leo nilikavaa, nilitaka kusikia chai ikichemka.

Alipomaliza kushindilia udongo, akachuchumaa. Mgeni akamwendea, akamwekea kichwa gotini. Baba yako akamwambia, polepole, kama mtu na mtu: "Wewe una miezi tisa, ukajua ya kumvuta kanga. Mimi mtoto wake wa kumzaa nimekaa naye Pasaka nzima, namwongelesha, anacheka, sikujua. Mwangalie mama yangu, sawa? Usimwache peke yake." Kisha nikamsikia analia, Castory, kilio kile cha mwanaume anayeziba mdomo kwa mkono.

Sikugeuka.

Akaingia akipangusa macho, akasema moshi wa jiko hili ni mkali. Nikashika sikio, nikapaza sauti kama tunavyopaza sisi viziwi: "Unasemaje, baba?"

"Hakuna kitu, mama," akasema. "Nilikuwa namwita mbwa."

Nikamwambia haya, kaa unywe chai. Nikamwongezea sukari.

Mkeo,
Eufrazia